Magonjwa na wadudu shambani msimu wa mvua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mvua zinapokolea, na mengi huulizwa majani yakiwa yameshaanza kukauka. Majibu yanamlenga mkulima mwenye bomba la mgongoni na nafasi finyu ya kufanya kazi kati ya mvua moja na nyingine. Jibu lolote likipishana na lebo ya dawa uliyonayo mkononi, fuata lebo.

Kwa nini shamba lililokuwa safi kiangazi kizima linajaa magonjwa mvua zikianza tu?

Kwa sababu majani yanakaa na maji. Kuvu wengi husambaa kwa spora, vumbi laini linalofanya kazi ya mbegu, na spora nyingi haziwezi kuota juu ya jani kavu. Zinahitaji utando wa maji kwa saa kadhaa mfululizo ndipo zichipue na kupenya. Bakteria nao hawana uwezo wa kutoboa jani. Huingia kupitia majeraha na vitundu ambavyo jani hupumulia. Tone la mvua likipiga udongo na kurukia jani la chini, limewafikisha wanakotaka.

Ndiyo maana saa ambazo jani limelowa zina uzito kuliko wingi wa mvua. Mvua kubwa ya mchana inayofuatwa na jua na upepo inaweza kuwa na madhara madogo kuliko manyunyu ya usiku kucha na asubuhi ya mawingu. Ukitaka kujua kinachokuja, ingia shambani saa nne asubuhi uguse majani ya katikati ya mmea, si ya juu. Yakiwa bado yana maji saa hiyo kwa siku mbili tatu mfululizo, jihesabu uko hatarini hata kama hujaona doa.

Ubwiri unga hauendi na kanuni hii. Unapenda hewa yenye unyevu lakini hauhitaji maji juu ya jani, na mvua nzito huusumbua. Ule unga mweupe kwenye majani ya maboga mara nyingi hushamiri mvua zikipungua.

Nitajuaje kama ni kuvu, bakteria, virusi, wadudu au ni maji tu yamezidi?

Hapa ndipo pesa nyingi za dawa hupotelea. Mkulima anaona jani la njano, anakwenda dukani, anarudi na chupa. Kabla ya chupa, fanya ukaguzi kwa utaratibu huu.

Anza kwa kusimama pembeni na kutazama shamba zima. Mimea ikiwa ya njano kwenye bonde tu, pale maji yanapotuama, na njano imeanzia majani ya chini, shaka ya kwanza iwe maji. Ng'oa mmea mmoja taratibu. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu na ni imara; iliyokosa hewa huwa ya kahawia, laini, na ganda lake huvuliwa kwa vidole. Udongo wenyewe unaweza kunuka kama yai viza. Dawa ya kuvu haitoi maji shambani, jembe ndilo linalotoa.

Kisha geuza majani, na ufanye hivyo asubuhi mapema kabla umande haujakauka. Vumbi la rangi ya kutu linalobaki kidoleni, manyoya meupe au ya kijivu chini ya jani, doa lenye miduara ndani ya miduara: hizo ni dalili za kuvu au jamaa zake. Madoa ya bakteria huanza yakiwa kama yamelowa, mara nyingi yamezungukwa na mwanga wa njano, na hukatwa na mishipa ya jani hivyo yanakuwa na pembe. Kwenye kabichi, njano yenye umbo la herufi V inayoanzia ukingoni kuelekea katikati ya jani, na mishipa iliyogeuka myeusi, ni uozo mweusi wa bakteria.

Virusi havitoi unga wala manyoya. Utaona batobato, yaani mchanganyiko wa kijani kibichi na kijani hafifu, majani yaliyojikunja, mmea uliodumaa katikati ya wenzake walio wazima. Hakuna dawa ya kupulizia inayoua virusi ndani ya mmea. Unachoweza kupigana nacho ni anayevileta, na mara nyingi huyo ni inzi weupe, vidukari au vithiripi. Wadudu wenyewe huacha ushahidi: matundu, kinyesi kama chengachenga za mbao, utando, mayai yaliyobandikwa upande wa chini wa jani.

Kwa mmea unaonyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, na udongo una maji ya kutosha, kuna jaribio la dakika tano. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishike ndani ya glasi ya maji safi, sehemu iliyokatwa ikizama kidogo tu, wala usikitikise. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kuteremka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Maji yakibaki safi na ndani ya shina kuna mstari wa kahawia, fikiria mnyauko fuzari, unaoletwa na kuvu, hasa kama njano ilianzia upande mmoja wa mmea. Hayo mawili hayatibiki kwa kupulizia, lakini kuyatofautisha kunakusaidia kuamua utapanda nini hapo msimu ujao.

Nyanya zangu zilikuwa nzuri Jumatatu, Ijumaa zinaonekana kama zimemwagiwa maji ya moto. Ni nini?

Maelezo hayo karibu kila mara ni ya bakajani chelewa, ugonjwa uleule unaoangamiza viazi mviringo. Kisababishi chake, *Phytophthora infestans*, ndicho kilichoteketeza viazi vya Ayalandi kuanzia mwaka 1845, katika njaa iliyoua takriban watu milioni moja. Hushamiri kukiwa na baridi ya wastani na maji mengi: nyuzi 10 hadi 22 hivi, ukungu wa asubuhi, mawingu. Spora zikitua kwenye jani lenye maji, saa chache zinatosha, na ndani ya wiki doa hilo jipya linaweza kuwa linatoa spora zake.

Tafuta mabaka makubwa ya kijani kilichofifia yanayogeuka kahawia au nyeusi, mashina yenye sehemu nyeusi, na kwenye tunda la nyanya baka gumu la kahawia lenye mikunjo. Geuza jani asubuhi: utando mweupe kuzunguka ukingo wa baka unathibitisha. Bakajani mapema hutofautiana nayo. Hiyo huanza na majani ya chini yaliyozeeka, madoa yake ni madogo, makavu, yenye miduara kama shabaha, na mwendo wake ni wa taratibu.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kimelea cha bakajani chelewa si kuvu halisi. Kiko karibu zaidi na mwani. Kwa hiyo dawa kadhaa maarufu za kuvu, kabendazimu ikiwemo, hazikigusi. Mkulima anapiga, anapiga tena, anasema dawa ni feki, kumbe ni dawa halali ya ugonjwa mwingine. Soma kwenye lebo kama bakajani chelewa imetajwa kwa jina.

Dawa ya kinga na dawa ya tiba, ipi ninunue?

Kwa msimu wa mvua, kinga kwanza, na iwe imeshapigwa kabla mvua haijanyesha. Dawa za kinga kama mankozebu na zile za shaba hukaa juu ya jani na kuua spora zinapotaka kuota. Zikikuta ugonjwa umeshaingia ndani, zimechelewa. Dawa zinazopenya huingia kwenye jani na zinaweza kuukamata ugonjwa uliopenya siku moja au mbili zilizopita, basi. Neno tiba limewadanganya wengi: jani lililokufa halifufuki, na hakuna dawa inayorudisha shamba lililoungua nusu.

Dawa za shaba zina historia ndefu. Mchanganyiko wa salfeti ya shaba na chokaa ulitangazwa na Mfaransa Millardet huko Bordeaux mwaka 1885, baada ya kuonekana kwamba mizabibu ya kando ya barabara, iliyopakwa uchafu huo ili kuwatisha wezi wa zabibu, ilikuwa haiugui. Hadi leo shaba ni miongoni mwa dawa chache zinazopunguza kasi ya magonjwa ya bakteria. Usiizidishe, maana haiozi, inalundikana udongoni.

Hakikisha pia dawa unayotaka bado imesajiliwa ulipo. Mankozebu, kwa mfano, Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutoihuisha idhini yake, na anayelima kwa soko la nje anapaswa kujua masharti ya mnunuzi kabla ya kufungua pakiti.

Nimemaliza kupiga dawa, mvua ikanyesha. Nirudie?

Inategemea mambo mawili: kama dawa ilikuwa imekauka, na mvua ilikuwa kiasi gani.

Mvua ikinyesha kabla dawa haijakauka, sehemu kubwa imekwenda. Zinazopenya kwa kawaida huhitaji saa moja hadi nne kuingia ndani, na baada ya hapo mvua haiziathiri sana. Za kinga zikishakauka hushika, lakini huoshwa kidogokidogo. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wengi ni kwamba milimita 25 za mvua tangu upulizie huondoa karibu nusu ya dawa ya kinga, na milimita 50 hubakiza kidogo mno. Kopo lolote lenye pande zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi na kupimwa kwa rula, linakupa milimita hizo bila kununua kipimo.

Kigundishi husaidia dawa kushika, hasa kwenye majani yenye nta kama kabichi na vitunguu. Sabuni ya kufulia si mbadala wa kigundishi; inaweza kuunguza majani, na nyingine hufanya dawa iteremke na maji haraka zaidi.

Usipulizie majani yakiwa yanadondosha maji ya mvua ukidhani unawahi. Dawa inachujuka na kutiririka. Subiri yakauke, hata kama ni saa mbili tu za jua.

Lebo inasema kilo 2 kwa hekta. Nitajuaje ni kiasi gani kwa bomba moja?

Pima kasi yako mwenyewe, maana watu wawili wenye bomba moja hawapulizii sawa. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Tia maji matupu yaliyopimwa, pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Tuseme umetumia lita 4. Hekta moja ina maeneo kama hayo 100, kwa hiyo wewe unatumia lita 400 kwa hekta. Bomba la lita 20 linakutosha mita za mraba 500, yaani sehemu ya ishirini ya hekta. Kilo 2 ukigawa kwa 20 unapata gramu 100. Hiyo ndiyo dawa ya bomba moja.

Rudia kipimo mazao yakikua, kwa sababu mimea mikubwa hula maji mengi. Rudia pia ukibadilisha nozeli. Nozeli iliyotanuka kwa uzee humwaga dawa nyingi kwa matone makubwa, nayo huishia chini. Vifuniko vya chupa na vijiko vya chai si vipimo.

Naruhusiwa kuchanganya dawa ya kuvu, ya wadudu na mbolea ya majani kwa mkupuo mmoja?

Lebo ikiruhusu, ndiyo. Isiposema, jaribu kwanza kwenye chupa ya kuona ndani kwa viwango vilevile: yakiganda, yakitoa mabonge au yakipata joto, usiyatie kwenye bomba. Dawa za shaba hasa zina ugomvi na mchanganyiko wenye asidi, kwani shaba nyingi huyeyuka kwa mara moja na kuunguza majani. Na hata mchanganyiko unaokubaliana, jiulize kwa nini unaweka dawa ya wadudu shambani ambako hujaona mdudu. Mara nyingi jibu ni kwamba bomba lilikuwa mgongoni tayari, na hiyo si sababu.

Dawa iliyonisaidia miaka mitatu sasa haifanyi kitu. Ni feki?

Inaweza kuwa feki, au imepita muda wake, au umeitumia kwa ugonjwa usio wake. Ila sababu nyingine ya kweli ni usugu. Ukipiga dawa moja mfululizo, vimelea vinavyoihimili ndivyo vinavyobaki na kuzaana. Metalaksili, dawa inayopenya, iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970 ikionekana kama mwisho wa bakajani chelewa. Kufikia mwaka 1980 mashamba ya viazi ya Ayalandi na Uholanzi yalikuwa na kimelea kisichoisikia.

Dawa ya kubadilishana nayo haipatikani kwa kutazama jina la biashara, kwani majina kumi yanaweza kuwa na kiambato kimoja. Tafuta kwenye lebo namba ya kundi la dawa. Ukipiga ya kundi la 4, inayofuata iwe ya kundi lingine, wala usirudie kundi moja mara nyingi kwa msimu. Za kinga zinazoshambulia kimelea kwa njia nyingi kwa pamoja, kama shaba, hazizoeleki kirahisi, ndiyo maana huchanganywa na zile zinazopenya.

Si kweli kwamba mvua inaua wadudu?

Baadhi, ndiyo. Mvua nzito huwaangusha vidukari, vithiripi na utitiri, na viwavi wachanga huzama kwenye maji ya kikombe cha mahindi, pale majani machanga yanapochomoza. Utitiri mwekundu ni adui wa kiangazi hasa. Mkulima anayepiga dawa ya utitiri siku moja baada ya dhoruba anaweza kuwa anaua maiti.

Lakini mvua inaleta majani laini yaliyojaa maji, magugu ya kujificha, na udongo laini wa kutagia mayai. Sota hukata miche usiku. Viwavijeshi wa asili ya Afrika wanajulikana kwa kulipuka makundi makundi mvua za kwanza zinapofuata ukame. Na wadudu wadogo waliooshwa hurudi: siku nne tano za jua katikati ya msimu zinawatosha vidukari kujaza tena ncha za mimea. Kagua baada ya kila kipindi kama hicho.

Na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi?

Hao asili yao ni mabara ya Amerika, na Afrika walithibitishwa mwaka 2016. Utawatambua kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na vidoti vinne vilivyopangwa mraba karibu na mkia. Kitu kinachowaponza wakulima ni muda. Kiwavi mchanga hukwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe vinavyopitisha mwanga. Hapo anauawa kwa urahisi. Akishakua huzama ndani ya kikombe na kujiziba kwa kinyesi chake, na hula sehemu kubwa ya chakula cha maisha yake yote katika siku hizo za mwisho. Dawa inayopigwa wakati huo huangukia kizibo hicho, haimfikii kiwavi.

Kagua mara mbili kwa wiki tangu mahindi yakiwa na majani matatu. Simama sehemu tano tofauti, kagua mimea kumi kila sehemu. Mahindi machanga yakiwa na dalili mpya kwenye mmea mmoja kati ya mitano, chukua hatua. Chini ya hapo, ponda mayai kwa mkono na subiri. Elekeza dawa kikombeni, jioni au alfajiri wanapotoka kula. Kwenye shamba dogo, kiasi kidogo cha mchanga au udongo kikombeni kinasaidia, na hakiui nyigu wala siafu wanaowala viwavi hao bure.

Konokono wanamaliza mboga zangu usiku.

Weka ubao au gunia lililolowa kati ya mistari jioni, inua asubuhi, waokote. Ondoa nyasi ndefu kando ya kitalu. Majivu huwazuia yakiwa makavu tu, na msimu wa mvua hayakai makavu. Chambo za fosfeti ya chuma ni salama zaidi kwa wanyama wa nyumbani. Zile za metaldehidi huua mbwa.

Miche yangu inaota vizuri kisha inaanguka ikiwa imenyongeka shingoni.

Ni kinyausi. Kitalu kina maji mengi, miche imebanana, au udongo ulitumika msimu uliopita. Punguza maji, punguza miche, ondoa iliyoanguka pamoja na udongo wake, fungua kivuli hewa ipite. Umwagiliaji ufanyike asubuhi ili juu pakauke kabla ya usiku. Iliyonyongeka usiihamishie shambani hata kama majani bado yanapendeza.

Kama unatumia mbegu ulizohifadhi mwenyewe, za nyanya na kabichi zinaweza kusafishwa bakteria kwa maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kisha zipozwe kwa maji baridi na kukaushwa. Bila kipimajoto usijaribu: nyuzi 55 zinaziua mbegu, nyuzi 45 hazifanyi kitu.

Kuna kitu cha kufanya mbali na dawa?

Kipo, na ningependa mtu anunue koleo kabla ya kununua chupa ya pili. Mitaro ichimbwe kabla ya mvua, si siku maji yanapopita juu ya matuta. Tuta lililoinuliwa sentimita 20 hadi 30 hutofautisha mzizi unaopumua na unaooza. Mtaro usipitishe maji ya shamba lenye mnyauko bakteria kwenda kwenye shamba safi, kwani ugonjwa huo husafiri na maji.

Ongeza nafasi kuliko ya kiangazi. Nyanya ziinuliwe kwa miti na kamba, majani ya chini yaondolewe hadi karibu sentimita 30 kutoka ardhini, mistari ielekee upepo unakotoka ili jani likauke mapema. Matandazo ya nyasi kavu huzuia udongo kurukia majani. Ni kweli pia kwamba konokono huyapenda, kwa hiyo yasiguse shina na yasiwe mazito.

Halafu kuna jambo lisilogharimu chochote ila uvumilivu: usiingie shambani majani yakiwa yamelowa. Palizi na uvunaji wa maharage asubuhi yenye umande hueneza chule na madoa ya bakteria kwa nguo na mikono yako, mstari hadi mstari. Anza kazi kwenye sehemu nzima, malizia yenye ugonjwa. Kisu cha kupogolea kichovye kwenye klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, kisha kisuuze maana klorini inakula chuma.

Majani yamekuwa ya njano baada ya mvua nyingi. Niongeze urea?

Kama mizizi ni mizima, ndiyo, kidogo, maana mvua imeosha naitrojeni. Kama mizizi imeoza, toa maji kwanza, kwani mzizi uliokufa haunywi mbolea. Ukizidisha utapata majani laini ya kupendeza ambayo vidukari na kuvu watakuwa wa kwanza kuyafurahia.

Nyanya zinaoza kitako. Nipige dawa gani?

Hakuna. Baka jeusi, kavu na lililobonyea chini ya tunda ni ukosefu wa kalisi ndani ya tunda, na kwa kawaida husababishwa na maji kuja kwa kupanda na kushuka. Matandazo na mitaro husaidia kuliko bomba. Matunda yaliyokwisha kuharibika yatoe.

Mimea iliyougua niitie kwenye mboji?

Majani yenye madoa ya kawaida, sawa, ikiwa lundo lako linapata joto la nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa na unaligeuza. Lundo lisilofuka moshi asubuhi halijafika huko. Mimea yenye mnyauko bakteria, virusi au mizizi yenye vifundo vya minyoo usiirudishe shambani kwa sura yoyote: ing'oe na udongo wa mizizi, ichome ikikauka au ifukie mbali na maji. Viazi vilivyobaki ardhini na kuota vyenyewe ving'olewe mapema, kwani ndivyo bakajani chelewa huvukia msimu.

Dawa za asili kama mwarobaini zinafaa wakati wa mvua?

Mwarobaini unafaa kwa wadudu wanaokula majani, hasa wachanga, lakini unafanya kazi polepole, jua huuharibu na mvua huuosha. Utarudia kila siku chache. Maji ya sabuni laini huua vidukari yanaowagusa tu, yakikauka yamekwisha. Maziwa yaliyochanganywa na maji yamewahi kupunguza ubwiri unga katika majaribio, ila dhidi ya bakajani chelewa usiyategemee. Na mchemsho wa tumbaku uachwe kabisa: nikotini ni sumu kali kwa anayeipulizia, na tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya.

Nivune siku ngapi baada ya kupulizia? Mvua si inasafisha?

Lebo ina siku za kusubiri, hesabu tangu mara ya mwisho ulipopulizia. Mvua haizifupishi, kwani dawa iliyopenya iko ndani ya jani au tunda. Ukijua utavuna nyanya kila siku nne, usinunue dawa ya siku kumi na nne. Glavu, buti na suruali inayoshuka nje ya buti ni vya lazima, upepo uwe mgongoni, na chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba, kisha itobolewe. Dawa za wadudu zisipigwe mchana mazao yakiwa na maua. Nyuki hurudi mizingani jioni.

Mahindi yamekomaa na mvua haikatiki. Nifanyeje?

Vuna na ukaushe chini ya paa lenye hewa, juu ya turubai, si juu ya udongo. Nafaka ya kuhifadhi ishuke hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, la sivyo kuvu wanaotengeneza sumukuvu wanapata nafasi, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Jaribio la chumvi linakupa fununu: tia mahindi kwenye chupa kavu hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15. Isipoganda, endelea kukausha kidogo tu.

Msimu ujao nipande nini palipougua?

Zao la ukoo mwingine. Nyanya, viazi mviringo, biringanya na pilipili ni ukoo mmoja, kwa hiyo kubadilisha nyanya na biringanya si mzunguko. Panda nafaka kama mahindi au mtama miaka miwili mitatu. Kwa mnyauko bakteria, zaidi ukiweza, na magugu ya jamii ya mnavu yaondolewe kwa sababu yanaufuga.

Ni wakati gani niache kupulizia na kukubali hasara?

Viazi vikiwa vimepoteza zaidi ya nusu ya majani kwa bakajani na vina ukubwa wa kuuzika, dawa zaidi haikulipi. Kata mashina yote, yatoe nje ya shamba, pandishia udongo ili maji ya mvua yasipeleke spora kwenye viazi. Kisha usivichimbe kwa wiki mbili hadi tatu. Ganda litakomaa, spora zilizobaki juu ya udongo zitakufa, na siku ya kuchimba iwe kavu. Vyenye mabaka ya kahawia vitenge palepale shambani, visiingie gunia moja na vizima.